Uzinduzi wa Mtambo Usiomkatiza Mtu Kauli

(Hotuba ya Bwana Levi Musyoka, Mkurugenzi Mwandamizi wa Idara ya Wepesi wa Mitambo, Foleni na Mambo Yanayohusiana na Hayo, iliyotolewa Bondeni, Mombasa, katika ukumbi wa huduma ambao madirisha yake yote yalifungwa asubuhi hiyo ili makarani wapate kuhudhuria. Mbele ya ukumbi kuna kitu kikubwa cha mraba kilichofunikwa kitambaa cha kijani.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani tangu jana. Wakurugenzi, Manaibu Wakurugenzi, na Makaimu wa Manaibu ambao hadi sasa hawajaambiwa wanamkaimu nani. Mwenyekiti wa Kamati ya Uongozi, yaani mimi. Katibu wa kamati hiyo, yaani mimi nikivaa miwani. Mashekhe wetu, wachungaji wetu, wenye maduka wa Ndia Kuu, madereva wa tuk-tuk mliotuziba mlango. Mabibi na mabwana. Na nyinyi wananchi wa kwenye foleni, ambao hamkualikwa lakini ndio mliojaza viti, Mungu awajaze heri: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo, mmeamkaje, habari za nyumbani, habari za watoto, habari za jirani, na habari za wale wote ambao nikisahau kuwauliza wataninunia.

(Wananchi waitikia salamu moja baada ya nyingine. Wengine waketi, wainuka tena, waitikia zilizobaki.)

Kabla sijaanza kusema, ningependa kusema machache. Mimi ni mtu wa bara. Nilizaliwa Mwala, kule ambako mtu akikusalimu mara moja inatosha mpaka Krismasi. Nilipoletwa Mombasa kikazi nikapanga chumba hapa hapa Bondeni, nilidhani salamu ni neno. Nikafundishwa kwamba salamu ni shughuli. Siku yangu ya kwanza nilimkatiza jirani yangu, Bwana Jamaldin, akiwa ndiyo kwanza amefikia afya ya shangazi zangu, nikamwuliza duka la sukari liko wapi. Alininyamazia wiki nzima. Tangu hapo niliapa kwamba maishani mwangu sitamkatiza mtu kauli, na hata leo, ndugu wananchi, mtu akinipigia simu kwa makosa namsikiliza mpaka salio lake liishe.

(Kicheko. Mlangoni mwa ukumbi mtu mmoja mwenye kanzu, Zakariya wa Mji wa Kale, ainua mkono. Babake amefariki alfajiri na maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Amekuja kugongewa muhuri kwenye kibali cha kuzika, akakuta dirisha limefungwa.)

Nauona mkono wako, bwana mwenye kanzu. Asante sana kwa hamu yako. Maswali yatakuwa mwishoni, baada ya chai.

Sasa niingie katika kiini cha shughuli, na hapa nawaomba mniwie radhi kwa sababu nitatumia maneno ya kitaalamu ambayo mimi mwenyewe nimeyajua juzi. Ndani ya kila kompyuta kuna programu ya kati iitwayo kerneli, nayo ndiyo mwenye nyumba. Prosesa, yaani ile sehemu inayofanya kazi yenyewe, ichukulieni kuwa ni kiti kimoja cha kinyozi. Kazi ni nyingi, kila moja yataka kuketi: hii yataka kuchapisha barua, ile yataka kutafuta jina, nyingine yataka tu kuzungusha picha ya saa. Kerneli ndiyo inayoamua nani aketi, aketi kwa muda gani, na nani aambiwe, inuka, mwenzio amefika. Mpangilio huo huitwa skedyula, na idara yangu, chini ya uongozi wenye maono, ambao kwa bahati ni uongozi wangu, ilipewa jukumu la kimkakati, kistratejia na kimaendeleo la kurahisisha machaguo yake.

(Makofi ya wafanyakazi wa idara, yaliyoanzishwa na Bwana Kyalo, afisa wa mawasiliano.)

Machaguo yalikuwa manne. La kwanza tuliliita Usimkatize: kazi ikishaketi na kuzama ndani ya kerneli, haiinuliwi mpaka imalize yenyewe, hata wengine waote ndevu. La pili, Kwa Hiari: aliyeketi anaendelea, ila kila baada ya hatua fulani hugeuza shingo kuangalia kama kuna anayengoja. La tatu, Inuka Sasa: mwenye dharura akifika, aliyeketi anaondolewa papo hapo, sabuni ingali shavuni. La nne, nalo ndilo lililonichekesha, huitwa la Kivivu: mwenye dharura ya kweli huingia papo hapo vilevile, lakini kama anayengoja ni mtu wa kawaida tu, aliyeketi huachiwa zamu yake iishe kistaarabu, kisha huinuka bila ugomvi.

Wataalamu wenyewe, walioandika kerneli hizi, wanasema mambo yamekuwa mengi mno, mtu akifungua orodha hajui achague nini, na kwamba kwenye mitambo ya kisasa yabaki mawili tu, la tatu na la nne, na yale mawili ya kwanza yapumzishwe kwa heshima. Kazi hiyo, mabibi na mabwana, ingeweza kufanywa na mtu mmoja kabla kikombe chake cha kahawa hakijapoa. Sisi tukaunda kamati.

(Kicheko. Mkurugenzi acheka pia, apangusa jasho. Pangaboi moja tu ndiyo inayozunguka, na imeelekezwa kwake.)

Kamati ilikaa, ikasimama, ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo, kama ilivyo kawaida ya watoto wa siku hizi, ikaondoka nyumbani mapema ikaanza maisha yake. Tulikuwa na woksho Nyali, tukawa na woksho ya kutathmini ile woksho, na mwisho wa yote nilikabidhiwa ripoti nzito ambayo ilipunguza machaguo manne yakawa kumi na moja. Msicheke, kila moja lina sababu. Kuna Kwa Hiari Lakini kwa Barua. Kuna Inuka Sasa Isipokuwa Siku za Kazi. Kuna Kivivu cha Kawaida, na Kivivu cha Ngazi ya Mkurugenzi, ambacho sikuhitaji kuwekewa kwenye kompyuta kwa kuwa nimekuwa nacho tangu niajiriwe.

Tukafanya utafiti wa maoni ya umma. Asilimia mia moja ya waliohojiwa waliunga mkono, nao waliohojiwa ni mimi na dereva wangu, Ngumbao, ambaye mwanzoni alisita, nikamweleza swali upya, akaelewa.

(Zakariya ainua mkono tena, safari hii ameshika karatasi. Mwanamke aliye mbele yake kwenye foleni, Nyevu, muuza viazi karai aliyefuata leseni yake, amnong'oneza, "Sema tu, kaka." Zakariya atikisa kichwa, aonyesha jukwaa.)

Naona sasa na karatasi unayo, bwana mwenye kanzu. Kama ni risala ya pongezi, mpe Kyalo, itaingizwa katika kumbukumbu.

Basi kati ya hayo kumi na moja ikabidi tuchague, na hapo ndipo mlipoona uongozi. Niliwaambia wajumbe: jamani, sisi tuko Mombasa. Huu si mji wa kumwinua mtu kitini sabuni ikiwa shavuni. Hapa mtu akiwa anazungumza, huja ukasimama kando, ukangoja apumue, akipumua unamsalimu, na ukishamsalimu unamwacha aendelee. Itakuwaje serikali ilete mtambo unaokatiza kauli za watu? Wazee wa Mji wa Kale watatuonaje? Wajumbe wakaniangalia. Mmoja, ambaye sasa amehamishwa, akasema kwamba kompyuta haina haya wala haisikii vibaya. Nikamwambia, itafundishwa. Kwa hiyo tumeacha lile la wataalamu, tukachagua lile la kwanza kabisa, kongwe kuliko yote, Usimkatize, kwa sababu ya adabu. Mtambo mlio nao hapa mbele yenu, chini ya kitambaa hiki cha kijani, ndio mtambo wa kwanza katika ukanda huu wenye malezi mema.

(Makofi. Kyalo asogea karibu na kitambaa, ajiweka tayari kwa picha. Mkurugenzi amwashiria asisogee zaidi.)

Mtaniuliza, Mkurugenzi, utatusaidiaje sisi wa foleni? Swali zuri, na nashukuru kwamba nimejiuliza. Kuanzia leo, kila mwananchi akiingia ukumbini humu ataitwa na mtambo kwa jina lake na la babake. Leseni za biashara zitatoka mbio. Vyeti vya kuzaliwa vitatoka kabla mama hajatoka wodi. Vibali vya kuzika vitatoka upesi kiasi kwamba tunaomba wananchi wasivikimbilie mapema.

(Nyevu aguna kwa sauti. Zakariya ateremsha mkono, ashika karatasi kwa mikono miwili.)

Naona hilo halikuchekesha. Nililiandika mimi mwenyewe, basi lawama ni yangu na ya chai ya asubuhi.

Tukiendelea mbele, suala la utekelezaji, au implementesheni kama wasemavyo waliosafiri. Wapo waliolalamika leo asubuhi kwamba madirisha yamefungwa. Ni kweli, na ni mimi niliyeyafunga. Nilisema haiwezekani tuzindue sistimu ya kuhudumia watu huku watu wakihudumiwa, tutazindua nini? Makarani wote, kina Janet na wenzake, wako hapa safu ya mbele wakisikiliza kwa makini, isipokuwa yule aliyelala, ambaye naye namuelewa. Na ili karani yeyote asije akashawishika kutoroka akafanye kazi, funguo za madirisha na za droo za mihuri nimezikusanya mwenyewe, nimezitia mfukoni mwa koti, nazo zimekuwa zikinichoma ubavu tangu nianze kusema. Huo ndio uongozi wa kujitolea. Sasa naomba tufungue sehemu ya pili ya hotuba, ambayo ina vipengele...

(Adhana ya adhuhuri yasikika kutoka msikiti wa mtaani. Mkurugenzi anyamaza mara moja, ashusha makaratasi, ainamisha kichwa. Ukumbi mzima watulia. Adhana yaisha. Mkurugenzi avuta pumzi. Nyevu asimama. "Bwana Mkurugenzi, samahani, kabla hujaendelea. Huyu kaka, Zakariya, amefiwa na babake. Maiti ishaoshwa, watu washakwenda msikitini, wakisha kusali waenda makaburini, na karatasi yake haina muhuri. Mkono ule hakuuinua kukupongeza. Muulize mwenyewe.")

Ni kweli, bwana?

(Zakariya: "Ni kweli, Bwana Mkurugenzi. Sikutaka kukukatiza kauli.")

Hukutaka kunikatiza kauli.

(Mkurugenzi apapasa mifuko ya koti, wa kulia, wa kushoto, wa ndani. Funguo zaanguka sakafuni. Ainama mwenyewe kuziokota.)

Janet, shika funguo hizi. Ufunguo wa droo ya mihuri ni huu wenye uzi mwekundu. Nenda dirisha la kwanza, usizunguke, pita hapa hapa jukwaani mbele yangu, kanyaga waya, haidhuru. Na wenzako wote nendeni, fungueni madirisha yote. Bwana Zakariya, Mungu amrehemu baba. Poleni sana. Mimi naona haya, na nalisema waziwazi kwa kuwa katika makaratasi haya halimo.

Kyalo ananinong'oneza hapa. Anasema kwa kuwa mpiga picha yupo, tungeacha mtambo umwite huyu bwana kwa jina lake na la babake, iwe ndiyo kazi yake ya kwanza, picha iende magazetini. Kyalo, ondoa mkono wako kwenye kitambaa. Nimesema ondoa.

(Kyalo aondoa mkono. Kitu kilicho chini ya kitambaa chayumba kidogo, kwa wepesi usiotarajiwa.)

Ndugu wananchi, nimewaeleza kwa kirefu juu ya kazi inayoketi kitini ikakataa kuinuka huku mwenye dharura amesimama mlangoni. Nilikuwa na mfano mzuri wa kuwaonyesha, kwenye ukurasa wa mbele kidogo, lakini mmeshauona. Umevaa suti na tai ya maua, na ungali umeshika maikrofoni.

Jirani yangu, yule Bwana Jamaldin aliyeninyamazia kwa sababu ya sukari, tulipatana baadaye, tukawa watu wa kupelekeana sahani. Alifariki mwaka juzi. Nilitoka ofisini nikaenda, nikasimama nyuma nyuma kama mgeni, nikaona jeneza linapita kichochoroni juu ya mabega. Mtu akanivuta, karibu, tia bega. Nikatia. Sijapanga hata miguu yangu vizuri, mkono ukanigusa mgongoni, mwingine ameingia, mimi nimeshatoka. Na yeye akaguswa, akatoka. Wenye haraka ya kupata thawabu wakiingia mbele, wazee wakiachiwa hatua zao chache zaidi, hakuna aliyesema ngoja kwanza nimalize, hakuna aliyenuna kwa kuguswa, na watu walikuwa wengi mpaka njia haikutosha. Jeneza halikusimama hata mara moja. Lilikwenda kama maji.

Niliyaona hayo kwa macho yangu, nikayabeba kwa bega langu. Kesho yake nikarudi ofisini, nikaunda kamati ya kutafuta jinsi ya kupisha.

(Hakuna makofi. Muhuri wasikika ukigongwa dirishani, mara moja. Zakariya apokea kibali, aweka mkono kifuani kumshukuru Janet, kisha ageukia jukwaa, aweka mkono kifuani tena. Foleni yamfungulia njia.)

Basi Zakariya, usiningoje, nenda. Na nyinyi wengine mliobaki, sheria za hafla zinanitaka nifunge kwa kauli mbiu, ambazo tayari zimechapishwa kwenye fulana. Nikisema machaguo machache, semeni kazi tele! Machaguo machache!

(Hakuna anayeitikia. Wote wamegeukia madirishani. Nyevu ameshafika la pili na leseni yake yaandikwa.)

Sawa. Nikisema Mombasa, semeni mbele! Mombasa!

(Sauti moja: "Mbele!" Ni ya Ngumbao, dereva, kwa mazoea.)

Asante, Ngumbao, utafiti wako umesimama imara. Sasa neno la shukrani, fupi kuliko yote niliyowahi kutoa. Namshukuru Mama Jacinta wa hapa mtaani kwa kutuazima kitambaa chake cha meza cha sikukuu, na namwahidi kwamba hakikumwagikiwa kitu. Nalishukuru duka la vyombo pale Ndia Kuu kwa sanduku la friji lililo chini ya kitambaa hicho, tupu, kama mlivyoliona likiyumba, ambalo nimeahidi kulirudisha leo kabla ya alasiri kwa sababu mwenye friji analitaka. Naishukuru kamati kwa kujadili kwa moyo mmoja skedyula ya kompyuta ambayo haikununuliwa, haikuagizwa, wala haikuombewa bajeti, maana kila tulipotaka kuiombea bajeti tulikuwa kwenye kikao cha kuirahisisha. Ukumbi huu una droo, mihuri, Janet, na mimi. Na leo asubuhi hivyo vitatu vya kwanza vingetosha kabisa kama hicho cha nne kingebaki nyumbani.

Bado nina kurasa hapa, tena zile nzuri, zenye takwimu. Kyalo, chukua, funikia chai isiingie nzi. Ngumbao, gari liache, vichochoro vile haliingii, twende kwa miguu tukimbilie makaburini, huenda tukapata nafasi ya kutia bega, na tukiguswa tupishe.

Asanteni kwa kunisikiliza. Sijamaliza, nimeinuliwa.